Sura ya Nne Imebaki, Nthabeleng

Ni mwaka mmoja leo tangu moyo wako usimame, asubuhi ya Jumanne, ukifunga viatu uende kazini. Havikuwa virusi vya UKIMWI vilivyokuua. Uliishi navyo miaka kumi na tisa, ukimeza dawa kila siku saa moja jioni, na kipimo chako cha mwisho hakikuviona. Mimi mumeo ninaandika jambo hili hadharani kwa sababu uliagiza liandikwe.

Ulizaliwa Mafeteng ukiitwa Nthabeleng. Ulipoolewa kwetu Thaba-Tseka, mama yangu alikupa jina la ndoa kama ilivyo desturi: 'Malereko, yaani mama wa Lereko, kabla hata binti yetu Lereko hajazaliwa. Kliniki ya hapa ikakuandika kwa jina hilo, mgonjwa mpya. Kliniki ya kwenu ikamsubiri Nthabeleng miezi mitatu, kisha ikaandika: ameacha dawa. Hukuacha hata siku moja.

Baadaye ukawa ofisa mipango katika wizara ya afya. Mpango wa taifa wa UKIMWI ulipokuwa ukiandaliwa upya, ofisa mmoja alisoma kikaoni kwamba wanawake vijana ndio wanaoongoza kwa kuacha dawa, hivyo wafundishwe nidhamu.

"Takwimu hazidanganyi, mama," alisema.

"Hazidanganyi, baba. Zimeulizwa vibaya tu. Mimi ni mmoja wa hao waliopotea. Haya, nitafute."

Ulitumia miezi minane kulinganisha madaftari ya kliniki sita. Kati ya wanawake 412 walioandikwa kuwa wameacha, 167 walikuwa wameolewa na kupewa jina jipya. Wanaume pia hukuwasahau: wachungaji wa milimani wanaofika kliniki imeshafungwa. Hayo yakawa Sura ya Nne.

Mama yangu alipoambiwa, alinuna. "Kwa hiyo serikali inanishtaki kwa jina nililokupa?"

"Jina ni zuri, mama. Daftari ndilo bovu, lina nafasi ya jina moja."

"Basi walipanue. Na wewe kula, umekonda kama fimbo ya mchungaji."

Hukuwa mtu wa kupaza sauti. Ulichonga penseli zako kwa kisu cha jikoni, na ulirudisha ripoti ya mtu kwa kosa la desimali moja. Wenzako walikuogopa, kisha wakakuomba uwasomee barua zao za kazi.

Wakubwa walitaka Sura ya Nne ihamishiwe kwenye viambatisho. "Kiambatisho ni kaburi lenye namba za kurasa," ulituambia. Ulifariki siku sita kabla ya kikao cha kuiamua, na kikao kikaahirishwa, kisha kikaahirishwa tena. Tulivaa begani vitambaa vyeusi vya matanga, ambavyo hukatwa msiba unapoisha, tukiwa na hofu moja, kwamba watakuzika mara ya pili.

Hawakukuzika. Mpango ulipitishwa mwezi uliopita. Lereko aliusoma kwa sauti jikoni: Sura ya Nne inaanza ukurasa wa 61, katikati ya kitabu.

"Yote?" mama akauliza.

"Yote, bibi."

"Na nafasi ya majina mawili?"

"Ipo. Kila daftari, kila kliniki."

Mama akagusa kitambaa begani mwake. "Haya. Leteni mkasi."

Tukakata vitambaa vyeusi mabegani, mmoja baada ya mwingine, tukala.

Tunaokukumbuka: mumeo Sekhobe Rasekoai, binti yako Lereko, mama mkwe wako 'Mamosoeu, na kaka yako Ramabele wa Mafeteng.

Daima utakumbukwa, kwa majina yako yote mawili.