Mforosadi wa Kemambo

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo, huko uliko. Leo nimepogoa mforosadi baada ya matunda kwisha, kama ulivyonionyesha, halafu nikakaa chini nikakukumbuka sana.

Miaka ile ya hamsini nilipoletwa Kemambo kutoka Ikoma, sikujua Kikurya, nawe hukujua lugha yetu. Tuliongea Kiswahili cha kuokoteza. Mwanao Mwita alikaa nami msimu mmoja tu, akavuka mpaka kwenda kuchuma chai Kenya. Hakutuma hata salamu. Mtoto nilikuwa sijapata, na shemeji zangu wakaanza kusema mbele yangu kwamba nirudishwe kwetu, ng'ombe wa mahari warejee zizini. Wewe ulinyamaza. Nikadhani uko upande wao.

Asubuhi moja nikafunga mzigo wangu, nikaja kukuaga. Mvua zilikuwa zimeanza, nawe ulikuwa nyuma ya nyumba ukikata matawi ya mforosadi. Hukunizuia. Ulichagua vijiti vilivyokomaa, ukavifunga kwenye jani la mgomba, ukanipa.

"Ukifika, vichomeke ardhini, vilale kidogo," ulisema. "Mti huu mbolea hautaki. Maji ni haya ya mvua. Ukiwa mdogo, mbuzi tu wasiufikie."

"Na ndege, mama?"

"Waache nao wale. Unazaa mengi."

Halafu ukanipa mgongo, nikaona mabega yanatikisika.

"Mama, kumbe hutaki niende?"

"Nani alisema nataka? Naogopa kukufunga hapa, na mtoto wangu hayupo."

Nikatua mzigo. Vijiti vile tukavichomeka pamoja kando ya nyumba yangu. Shemeji walipokuja jioni ukawaambia, "Huyu haendi. Mwenye neno aje kwangu." Hakuja mtu.

Ilipita mvua na kiangazi, ikaja mvua nyingine, na vijiti vikawa vichaka vya kunifika kifuani bila mtu kuvihangaikia. Tulikuwa tunachuma forosadi, midomo myeusi kama watoto, Mwita alipotokea njiani na sanduku la bati, amekonda. Alikukimbilia wewe. Ukamwinulia mkono.

"Simama hapo. Msalimie mkeo kwanza. Mimi nilikuzaa, nilikuwa sina budi kukungoja. Huyu alikuwa na njia ya kuondoka."

Mwita alivua kofia. Alinisalimia akiangalia chini.

Tulimsamehe polepole, mama, wewe ukichelewa kuliko mimi. Watoto walikuja, ukawabeba wote. Sasa hupo, na kuna siku nageuka nikuulize jambo dogo tu, kama chumvi imetosha, nakuta jikoni niko peke yangu.

Wajukuu huniuliza nilibaki Kemambo kwa ajili ya nani. Nawajibu ukweli. Babu yao akiwa amekaa hapo hapo husikia, hakasiriki.

Pumzika, mama.

Mwanao wa Ikoma