Spika za Mbele, Kiti cha Nyuma

Mama mkwe,

Ungekuwa hai nisingethubutu kukuita "wewe". Miaka yote niliyokuwa mkweo sikuwahi kukuelekezea neno hata moja, na wewe, isipokuwa mara moja tu, vivyo hivyo. Kwetu Wabukusu jambo hilo halina mjadala. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anajitoma kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Siku moja, baada ya posa kukubaliwa, tulikutana kwenye njia ya kwenu Endebess. Ukaingia kwenye mahindi na debe la maziwa kichwani, wala hukumwaga hata tone. Binti yako Nafula, niliyekuwa naye, alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa umelala shambani kwako, mvua za mwaka mzima zimekunyeshea, na mimi nina maneno yaliyonibaki. Kama kuna mzee atakayesoma hapa akanuna, basi anune.

Nitaanza na gari, maana hatukuwahi kuwa na mahali pengine pa kukutania.

Ilikuwa Corolla kuukuu, nyeupe, niliyonunua kwa mwalimu mmoja wa Kimilili aliyeitunza kuliko alivyojitunza yeye mwenyewe. Nafula alipofariki, ghafla vile, tukamzika kwetu Mabanga, watoto wakabaki na mama yangu, nami nikarudi Kitale kwenye duka langu la mbegu. Miezi michache baadaye mdogo wake, Nekesa, ambaye ni muuguzi Bungoma, akakupatia kliniki ya presha huko mjini. Akanipigia simu dukani. "Shemeji, si wewe huenda nyumbani kila mwisho wa mwezi? Nibebee Mama, tafadhali. Matatu zitammaliza."

Kaka yangu aliposikia alitikisa kichwa. "Bibi amekufa, na wewe bado unabeba mkwe? Tafuta maisha yako, bana." Nikamwambia ni njiani tu. Endebess haiko njiani. Kutoka Kitale, Bungoma ni huku na Endebess ni kule, na hilo kaka yangu alilijua vizuri, lakini hakunibishia.

Sijui kama unakumbuka safari ya kwanza. Ulikuja umevaa koti la Nafula la kijani, ukafungua mlango wa nyuma upande wa kushoto, ukakaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzungusha kile kioo cha ndani kikaangalia paa, nisije nikakuona uso kwa bahati mbaya. Nikaendesha kwa vioo vya pembeni. Tulifika Kitale kimya, tukapita Kiminini kimya, na nilikuwa nimejiandaa kufika Bungoma hivyo hivyo, lakini kwenye matuta ya mbele ya shule fulani gari likaruka, na wewe ukasema, si kwangu, ukaliambia gari: "Hii gari, pole pole. Migongo ya watu si ya chuma."

Nilifikiri kidogo. Kisha nami nikaliambia gari: "Gari, umesikia. Punguza."

Tangu siku hiyo tukawa na njia yetu. Uliuliza gari kama watoto wanakula vizuri, nami nikaliambia gari kwamba mdogo anakataa mboga. Uliliambia gari mahindi yako yameingiliwa na funza, nikaliagiza gari lipite dukani lichukue dawa. Nekesa alipotusikia mara moja alisema sisi wawili tunahitaji kliniki nyingine, si ya presha. Hukucheka, nadhani, ingawa kwa kuwa sikukuangalia siwezi kuapa.

Halafu kukawa na ile kanda. Kwaya ya kanisa lenu ilikuwa imerekodi kaseti mwaka mmoja kabla Nafula hajafariki. Aliimba sauti ya pili, na kwenye wimbo wa tatu kuna ubeti anaouanzisha yeye peke yake kabla ya wengine kuingia. Nyumba nzima tulikuwa na nakala moja. Mimi sikuwa nimeiweka kwenye redio tangu mazishi. Sikuiogopa, niliiacha tu. Wewe ndiwe uliyeliuliza gari siku moja, tukiwa tumetoka Kitale: "Hii gari, ule wimbo wa Nafula uko humu?"

Nikaiweka. Kaseti ikazunguka, wakaimba, wakafika wimbo wa tatu, wakaumaliza. Tukakaribia Kamukuywa. Ndipo ukasema, "Hii gari, Nafula yuko wapi? Nasikia hao wengine tu."

Ulikuwa unasema kweli. Spika za gari lile zilikuwa zilezile zilizotoka nalo kiwandani, mbili, moja kila mlango wa mbele. Karatasi zake za kutolea sauti zilikuwa zimelowa maji ya mvua miaka na miaka, zimepasuka pembeni, na kilichotoka humo ni sauti nyembamba za juu na mkwaruzo. Sauti ya pili ilipotelea mlangoni. Mimi niliyekaa karibu nilimsikia Nafula kidogo, kwa sababu nilijua yuko wapi. Wewe nyuma, na masikio yako ambayo hukutaka mtu ajue yameanza kuzeeka, hukupata kitu.

Mtu wa kabila lingine angesema, "Mama, njoo ukae hapa mbele, spika iko hapa karibu na goti lako." Ni jambo la dakika moja. Lakini kiti cha mbele kiko bega kwa bega na dereva, na dereva ni mkwe. Wewe usingekuja, mimi nisingekuita, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hivyo kwa muda mrefu. Kukupa kanda ukasikilize nyumbani, hilo nililiwaza. Nekesa akanikumbusha kwamba redio yako ya Endebess ilitafuna mahubiri ya askofu mzima mzima, na kanda hii ni moja. Spika za nyuma nazo hazikuwezekana, redio ile ilikuwa na nyaya za spika mbili tu.

Basi nikaamua kubadilisha za mbele. Ilikuwa safari refu ya kukwepa kiti kimoja, nakiri, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo.

Nilinunua spika mbili mjini Kitale, kubwa kuliko za zamani, zenye kingo za mpira badala ya karatasi. Jumapili baada ya ibada nikafungua mlango wa kwanza uani nyuma ya duka. Mkono wa kuzungushia kioo ulikataa kutoka mpaka nilipoivuta klipu yake kwa kitambaa. Kava ya mlango nayo inashikwa na vijiklipu vya plastiki vilivyokaukia humo, nikavivunja karibu vyote. Ndani kulikuwa na nailoni iliyochakaa, vumbi jekundu la barabara ya Endebess, na pipi moja ya watoto wangu. Nikaitoa spika ya zamani ikanibaki mkononi, nyepesi, nusu yake vumbi.

Ile mpya haikuingia. Nilipoilazimisha ikaingia, lakini kioo kiliposhuka kikagonga sumaku na kukwama katikati. Nikaenda kwa seremala akanikatia pete mbili za plaiwudi, zikainua spika kidogo kutoka kwenye chuma, kioo kikapata njia. Nikabandika vipande vya lami ya kuzibia paa ndani ya bati la mlango ili lisitetemeke. Nikaweka nailoni mpya. Kazi ya watu wenye ujuzi ingeisha asubuhi moja. Yangu ilikula Jumapili kadhaa, na jirani yangu wa dukani alikuwa akipita anauliza, "Bado unachinja hiyo gari?"

Mwisho wa mwezi nikakuchukua. Sauti ilikuwa kubwa, safi, gari zima likawa kanisa. Nilijisikia mtu. Wimbo wa tatu ukaja na kwenda, nikangoja. Ukaliambia gari, kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa chakula ugenini: "Hii gari imepata kifua. Lakini Nafula bado amejificha."

Niliumia, Mama. Niliumia kuliko nilivyotegemea, hata nikashangaa, kwa sababu tangu mazishi nilikuwa mtu wa kufanya kinachotakiwa na kwenda kulala. Nilikuwa nimeahidi kimoyomoyo kukurudishia mtoto, hata kama ni kwa wimbo mmoja tu, na nikashindwa.

Nilirudi Kitale nikaifungua milango tena. Mlango wa kulia ulikuwa sawa. Kwenye wa kushoto, upande wako, nikakuta fundi wa zamani aliwahi kukata nyaya za kiwanda akaunga na waya wa pasi, rangi zote mbili sawa, na mimi nikaunganisha kwa kubahatisha, chanya mahali pa hasi. Spika moja ilipokuwa ikisukuma hewa, nyingine ilikuwa ikiivuta. Sauti za pembeni zinasikika, za katikati na za chini zinauana. Na katikati ndiko alikosimama Nafula, mbele ya maikrofoni, na kwaya huku na huku. Nikageuza nyaya. Sikuijaribu kanda. Nilijaribu kwa taarifa ya habari tu, mtangazaji akasikika kana kwamba amekaa juu ya dashibodi, nikafunga mlango.

Safari hiyo nilikuwa na woga ambao sikuwa nao hata siku ya kuja kuposa. Nilizungusha sauti ielekee zaidi kushoto, upande wako. Tulipita Kiminini. Wimbo wa kwanza, wa pili. Kisha ukaja ule ubeti, na Nafula akaanza.

Alikuwa mle ndani, hakukuwa na shaka. Hata ile pumzi anayovuta kabla ya neno la kwanza ilisikika. Wengine walipoingia, nikasikia sauti nyingine ya pili nyuma yangu, ya kizee, imekwaruza, inajua kila kona ya wimbo. Hapo ndipo nilipojua Nafula aliipata wapi. Mliimba pamoja mpaka mwisho, yeye mlangoni na wewe kwenye kiti.

"Hii gari," ukasema, "rudisha."

Nikarudisha. Na tena. Mara ya tatu hukuimba, nikasikia leso ikifunguliwa. Macho yangu nayo yalikuwa yamejaa, na lori la mahindi lilikuwa mbele yangu. Nikaegesha gari kando ya barabara, nikashuka, nikazunguka nikaanza kuligongagonga gurudumu la nyuma kama mwenye wasiwasi na pancha. Wewe ukalia ndani, mimi nikalia nje, kila mtu na heshima yake. Nilikuwa sijamlilia mke wangu mpaka siku ile. Mpita njia mmoja akauliza kama nina jeki, nikamwambia ninayo.

Nilipoingia tena, nikiwasha gari, ukasema: "Hii gari, kioo chako kinaangalia paa kwa nini? Dereva ataona ya nyuma aje?"

Sikuwa na hakika nimeelewa. Ukarudia, pole pole: "Kigeuze."

Nikakigeuza. Ukawa unanitazama. Nyusi moja imepanda juu kuliko nyingine, hivyo hivyo alivyokuwa akiniangalia Nafula nikichelewa kurudi nyumbani. Hukuinama na mimi sikuinama.

"Sasa endesha, mwanangu," ukasema.

Tangu siku hiyo kioo kilikaa hivyo. Uliendelea kukaa nyuma, tuliendelea kuzungumza na gari, mikono hatukupeana, na kwenye mazishi yako nilikaa kule mbali wanakokaa wakwe. Hakuna aliyejua. Nekesa peke yake aliwahi kuuliza kwa nini siku hizi gari linajibiwa haraka hivyo.

Nimeliuza wiki iliyopita. Aliyelinunua ni mkulima wa Naitiri, mtu mwema, ana haraka. Kabla hajaja nilirudisha zile spika za kiwandani nilizokuwa nimezihifadhi kwenye katoni, nikamweleza ukweli kwamba zimechoka, akasema yeye huskiza injini tu. Hizi nyingine nimezitengenezea sanduku la mbao Mabanga, na wimbo ukianza watoto wananyamaza wenyewe. Mdogo ameanza kushika sauti ya pili. Hakufundishwa na mtu.

Yule bwana alilipa, akapewa ufunguo, akaingia, akavuta kiti mbele. Kisha akanyoosha mkono juu akakishika kioo, akakizungusha kikamtosha yeye.

Nikamwomba anipe dakika moja. Akadhani nimesahau kitu ndani ya gari. Nilisimama pale mlangoni, mkono juu ya paa, nikakitazama kile kioo, nikamwambia aende salama.

Ukiwa na Nafula huko mliko, mwambie tunamsikia vizuri sasa. Kaeni popote mnapotaka, mbele au nyuma.

Ni mimi mwanao,
Dereva