Hatua Tulizohesabu Kanyosha

Jumatatu, 4 Juni 2001

Shule ya watoto hapa Kanyosha bado imefungwa toka risasi za mwezi uliopita. Basi mwalimu ni mimi. Nilifundisha fizike Bukavu miaka tisa, nitashindwa na binti zangu wawili? Redio imesema tarehe 21 jua litapatwa. Si lote, lakini litaonekana vizuri. Nimeamua: mpaka siku hiyo ni mambo ya anga tu.

Leo tumesimamisha kijiti katikati ya parsela, hapa uani kwetu. Kila saa Benite anaweka jiwe pale kivuli kinapoishia, Odette anaandika kwenye daftari. "Mama, kinatembea!" — Odette huyo, miaka tisa, kama mtu aliyekamata mwizi.

Jirani yetu Léoncie, yule mjane, alichungulia juu ya ua. "Mama Benite, hiyo muti ni ya nini?" Nikasema ni saa ya jua. "Saa si unayo ku mukono?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 6 Juni

Leo tumepima umbali wa sayari. Jua ni pamplemusi, yaani balungi, nimeliweka juu ya ukuta wa geti. Dunia ni punje ya ulezi, hatua kumi na sita. Watoto hawakuamini — udogo ule! Jupita ni haragwe, hatua themanini na tatu. Wakatoka barabarani wakihesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa na chungu motoni, nikarudi jikoni. Kosa langu.

Saturni ni hatua mia moja hamsini na mbili. Sikufikiria zinaishia wapi. Zinaishia mbele ya magunia ya mchanga — pozisyo ya askari!

Benite karudi mbio anamvuta mdogo wake. Askari mmoja aliwauliza wanapima nini. Tena: wanamhesabia nani. Benite kajibu: Mama.

Mama! Mkongomani, mkimbizi, mume yuko ng'ambo ya mpaka, Uvira, na anatuma watoto wapime hatua mpaka kwa askari. Wiki iliyopita tu bomu la waasi limetoka milimani likayakosa magunia yale kidogo. Ningekuwa mimi askari, ningefikiri nini?

Alhamisi, 7 Juni

Hakuna somo. Watoto ndani. Kila anayepita namtazama viatu, kama ni buti za askari.

Ijumaa, 8 Juni

Shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, kaja na vijana wawili. Adabu nyingi mno. Kakaa, kanywa chai, halafu: kuna watu wanasema hapa kuna antene ya redio. Nikamwonyesha kijiti. Akakitikisa, akakinusa hata! Akaomba daftari la vivuli. Saa, sentimeta, mshale wa kaskazini. Akaligeuza juu chini. "Hii ni luga gani?" Hesabu, nikasema. "Hesabu ya nini?" Ya jua. Vijana wakatazamana.

Kaondoka nalo.

Nani alisema? Kijiti kimeonwa na mtu mmoja tu juu ya ua. Jioni Léoncie kanisalimia. Nimejifanya sisikii.

Jumanne, 12 Juni

Astère kasimama getini. Amepanga nyumba ya kona, shati safi kila siku, kazi yake hakuna anayeijua. Huruma tele. Ananishauri nijihadhari na yule mjane, ana mdomo. Tena nisiwe na wasiwasi, daftari litarudi.

Nimeshukuru. Nimefunga geti. Ndipo nikashtuka — daftari? Sijamwambia mtu. Hata watoto nimewakataza.

Au Léoncie kamwambia? Au vijana wale? Au shefu mwenyewe? Nikipanga hivi inaonekana huyu, nikipanga vile, yule. Usingizi hakuna.

Jumapili, 17 Juni

Léoncie kaleta mboga za lengalenga, bado za moto. Niliitazama sahani muda mrefu. Kisha nikawapa kuku kwanza.

Kuku wazima. Aibu imenishika mpaka masikioni. Lakini hata hivyo hatukula.

Jumatano, 20 Juni

Tumetengeneza kartoni ya kutazamia. Sanduku la sabuni, karatasi ya fedha ya sigara, tundu la sindano. Unalipa jua mgongo na kutazama ndani. Odette kaliona jua dogo kama tembe ya dawa, kapiga kelele za furaha. Nimemziba mdomo. Mtoto anafurahi na mimi namziba mdomo! Tumefikia hapo.

Alhamisi, 21 Juni

Karibu saa nane. Naandika upesi, nimesema natafuta karatasi za ukimbizi.

Astère yuko getini na gari, injini haijazimwa. Anasema shefu kamtuma: dakika tano tu, nieleze daftari, nirudi. "Na batoto bakuje pia, madamu. Kule kuna miwani ya kuangaliya jua." Kwa nini watoto?

Léoncie kaingia kwa mlango wa nyuma, mikono ina unga wa muhogo. Hakusalimia. "Batoto uniachiye mimi. Kule usiende nabo." Nikamuuliza anajua nini. "Sijui kitu. Mu tisini na tano gari ilikuja kwangu vile vile. Nabo walisema dakika tano."

Mtu anaweza kutunga maneno kama hayo. Anaweza pia kuwa ameyabeba miaka sita. Nimemtazama usoni — siwezi kusoma kitu. Wiki mbili nimemhesabu adui, na sina ushahidi hata mmoja. Dhidi ya Astère pia sina.

Nyuma ya nyumba watoto wako na kartoni. "Mama, limeng'atwa! Limeng'atwa pembeni!" Sijaenda kuona.

Honi. Mara ya pili sasa.

Kinywa kimesema kabla yangu: Léoncie, wachukue. Wamepita kwa nyuma, Benite kabeba kartoni, Odette analia kwamba jua litaisha. Sikumwambia Léoncie asante. Sikumuuliza hata anawapeleka wapi.

Geti limelia. Nasikia viatu uani, havina haraka. Astère anauliza, kwa upole sana, watoto wako wapi —