Maganda Mgombani

Mwika, 9 Agosti 1983

Mpendwa Baba Anaeli,

Kahawa imeanza kuiva, ila sukari dukani bado hakuna.

Mwezi jana nesi alisema miguu ya Anaeli imevimba kwa kukosa protini, apewe mayai. Unamjua mama yako: kwake mtoto akila yai atachelewa kusema. Basi nikawa naoka mkate wa karoti kwenye sufuria, makaa chini na juu, wenye maziwa, unga wa karanga na mayai manne. Sikumwambia. Uvimbe umekwisha, na mama yako mwenyewe akawa anadai kipande chake.

Juzi akakuta maganda ya mayai niliyoyafukia mgombani. Akayaacha hapohapo, akaenda zake. Nikamwekea mlangoni pake jani la isale la kumwomba radhi, akalipita kutwa nzima.

Leo asubuhi alikuja jikoni amelishika jani lile. Nilidhani ananifukuza. Akasema, “Mdogo wake mumeo alikufa amevimba miguu hivyohivyo, na kuku nilikuwa nao tisa.”

Jani amelipeleka kaburini kwa mdogo wako. Sasa ni jioni na bado ameketi huko. Omba ruhusa kazini uje. Mimi hanisikii.

Mkeo,
Aikande