Hermelinda, Nyumba Yetu Haikurukwa

Mwaka umetimia sasa, Hermelinda, tangu kidole tumbo kikuondoe kabla hujafika hospitali ya mjini. Watu wanasema nimepoa. Sijapoa. Nimezoea tu kupikia sufuria ndogo.

Wiki iliyopita wenzako wa utafiti walipita tena kijijini kwetu Huayllapata nyumba kwa nyumba, kama kila mwaka baada ya kuvuna viazi. Wanauliza nani aliugua, alikwenda wapi, alihudumiwaje. Ulituambia kwamba majibu ya kila mwaka yakilinganishwa na ya nyuma yake, ndipo inajulikana kama zahanati inapanda au inashuka.

Ni wewe uliyegundua kwa nini kila mwaka ilionekana inapanda. Huku kwetu nyumba iliyovaa nyeusi ya msiba haisumbuliwi kwa maswali. Basi waliopona walihesabiwa, waliokufa wakarukwa kwa heshima.

Ukaanza kuingia nyumba za msiba. Ulibeba mkate, ukamenya viazi na wenyeji, ukauliza mwishoni. Wengi walikufungia mlango, wakakuita tai wa mizoga. Hata mimi nilikugombeza. Ukacheka, ukasema tai hamenyi viazi.

Rafiki yako Satu, mmoja wa hao wenzako, alipofika langoni petu aliinamisha kichwa, akapita. Nikamwita.

“Satu, tangu lini tumefuga mbwa mkali?”

“Mama, mmevaa nyeusi. Nitakuulizaje wewe habari za Herme?”

“Yeye aliwauliza mama wa wengine. Keti, uliza.”

Aliuliza huku analia. Mimi sikulia, ili aandike vizuri. Nilisema tulikufikisha zahanati mapema, nesi aliutambua ugonjwa, gari la wagonjwa lilikuwepo. Mafuta hayakuwepo. Baba yako akatoka nje.

Majibu yaliposomwa kwenye mkutano wa kijiji, mkuu wa zahanati alisema hilo ni tukio moja tu. Jirani yetu Eusebia, ambaye mumewe alikufa akilisubiri gari hilohilo, akasimama.

“Na la kwangu ni moja,” akasema. “Liandikeni.”

Wakasimama wengine.

Mafuta bado hatujapewa, tunayafuatilia. Lakini mwaka huu hesabu ya zahanati yetu imeshuka, mwanangu. Imeshuka kwa sababu wewe umo.

Tunaokukumbuka ni baba yako Fortunato, dada yako Delfina (anavaa viatu vyako vya tope, vinambana na hasemi), rafiki yako Satu, na mimi mama yako, Julia.

Daima tutakukumbuka, na kila mwaka wakija tutajibu.