Mkeka wa Abdi

Dada Mwende, salamu kutoka Habaswein, jua la huku linakufuata hadi kivulini.

Unajua tangu tumzike mke wangu sijasali, na hakuna mchungaji aliyeniweza. Sasa huyu mwenyeji wangu Abdi, muuza mbuzi, Mwislamu kamili, ananisumbua tangu asubuhi: "Mzee, leo si Jumabili yenu? Mbona huombi?" Nikamwambia kanisa liko mbali. "Mungu pia iko mbali?" Akatandika mkeka wake, akazima redio. "Omba. Chai baadaye."

Mtu gani huyu! Nikapiga magoti kwa hasira, nikaimba besi yangu mpaka majirani wakatoka. Nilipomtaja marehemu, Abdi akaitikia amin.

Mungu akulinde, dada. Ndiyo, nimemtaja. Lakini mchungaji asijue nani aliyeniweza.

Kakako Musyoka