Ramani ya Nyumba Iliyogeuka

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza, tena kwa kirefu, kwa sababu ukishafika chini ya barua hii huenda usizitake salamu zangu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje tangu uanguke kutoka jukwaa la ujenzi kazini? Wifi hajambo? Na wale mapacha, bado wanapigana na kupatana kabla chai haijapoa? Mimi ni mzima wa kutembea.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea Mama yote, ila niliruka pale ulipowafananisha maafisa wa majumba ya kale na wanyama. Mama ananijua, akauliza mbona nimemeza mate katikati ya sentensi.

Kikohozi chake hakijapungua. Daktari alipiga picha ya kifua, akaniambia kwamba mama yangu anavuta kuvu kila anapovuta pumzi, na kwamba dawa bila jua ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilimhamishia sebuleni, mimi nikaenda kulala chumbani kwake. Wiki ya tatu unyevu ukawa umeshamfuata kupitia sakafuni. Godoro naanika kila asubuhi. Nilimwambia tupange kwingine, akanijibu kwamba aliingia humu bibi harusi na atatoka siku ambayo hataulizwa maoni yake. Sasa hata akikubali, hafiki getini bila kupumzika mara mbili.

Nyumba unaijua, lakini maelezo yake nimeyapeleka ofisini mara nyingi hadi yananitoka kama shairi la darasa la pili. Nyumba ishirini na nne za wafanyakazi, ramani moja, mtaa mmoja. Chumba, sebule, stoo, jiko la nje, baraza. Kilima kiko ubavuni mwa nyumba, kwa hiyo stoo ilipangwa ikae upande wa kilima na chumba kikae upande wa jua. Baba alikuwa kijana, ndiyo mara yake ya kwanza kupewa usimamizi. Alikabidhiwa ramani iliyochorwa kwenye karatasi ile nyembamba inayopitisha mwanga, akaitandika juu ya ubao ikiwa imelala kifudifudi. Mistari ilionekana vizuri tu. Kushoto kukawa kulia. Walipogundua, ukuta ulikuwa umeshafika kwenye linta, juu ya milango. Zile ishirini na tatu zilijengwa sawa chini ya msimamizi mwingine, na yetu akapewa Baba akae nayo mwenyewe, iwe fundisho. Ndiyo maana mpaka leo stoo yetu inaota jua na chumba kinaota kuvu.

Hakupewa usimamizi tena. Alipiga plasta za watu miaka thelathini na minane akiitwa Fundi Kinyume. Wewe ulipoteza jino shuleni kwa ajili ya jina hilo, sina haja ya kukukumbusha.

Nyumba zile nyingine zilipobomolewa kupisha maghorofa, kwetu hakuna aliyepataka. Ndivyo tulivyobaki, ndivyo tulivyoingizwa kwenye orodha ya urithi. Kibao cha shaba pale mlangoni kinang'aa kuliko bati. Ombi langu la kwanza lilikuwa kubomoa ukuta kati ya chumba na stoo ili jua lipite. Walikataa, wakasema mpangilio wa vyumba ndio urithi wenyewe. Nikaomba tuchimbe udongo wa kilima uliolala ukutani, wakakataa. Nikaomba tupake rangi ya kuzuia maji tu. Hapo walikubali, mradi iwe chokaa ya aina ileile ya zamani, ambayo kiwanda chake kilifungwa kabla sijazaliwa.

Afisa wa sasa ni mama mmoja mwenye huruma. Alinikalisha, akaniambia njia imebaki moja: ikithibitishwa kwamba fundi alikosea tu, nyumba inatoka kwenye orodha na tunaweza kubomoa tunachotaka. Alete mtu ramani ya kwanza, yenye alama za mkono wa fundi. Ndipo nawe ukaniandikia nitafute kwenye sanduku la vifaa la Baba, chini ya timazi, kwamba uliiona humo ulipokuwa mdogo.

Kaka, uliiona kweli. Ilikuwa humo. Pembeni Baba aliandika kwa penseli, "Nimeigeuza. Kosa langu." Mimi nilikuwa nayo mkononi.

Siku afisa wa kwanza alipokuja na futi na kamera, Baba alikuwa amekaa barazani. Yule kijana alizunguka nyumba, akauliza kwa heshima kwa nini fundi aliigeuza hii peke yake. Kabla Baba hajafungua mdomo nilijibu mimi. Nilisema aliigeuza makusudi, ili baraza itazame njia na mtu aliyekaa hapo awaone wenzake wakitoka kazini. Uongo ulinitoka laini, sijui niliutoa wapi. Kijana akaandika, akasema huyo fundi alikuwa na akili ya mbele. Nilimtazama Baba nikiogopa. Akasema ndiyo, alitaka watu waonane. Tangu siku ile alikuwa akivaa koti kila asubuhi na kukaa chini ya kibao, akijibu salamu za wapita njia. Alikufa baada ya miezi saba, na katika maisha yangu yote ndiyo miezi niliyomwona akitembea kifua mbele.

Niliogopa kwamba siku moja mtu ataikuta ile karatasi. Asubuhi ya maziko niliikunja mara nne, nikaitia kwenye koti alilozikwa nalo. Wewe ulishika jeneza upande wa kichwa, Kaka. Uliibeba begani mwako.

Sikujua kwamba nilikuwa nazika na mlango wa Mama. Au nilijua kuta zile zinafanya nini, nikachagua mmoja kati ya wazazi wawili. Ramani haipo, na daktari anasema hata jua likija leo, mapafu yale hayarudi.

Jana nilimweleza Mama. Nilidhani atalia. Alimaliza kukohoa kwanza, akauliza niliitia mfuko upi. Nikamwambia wa ndani. Akasema vizuri, maana wa nje ulitoboka na yeye hakuwahi kuushona.

Anakusalimu sana, na Wifi, na mapacha. Njoo, lakini usije na nyundo. Njoo kabla ya mvua.

Mdogo wako,
Kitindamimba